Uchungu Si Kipimo cha Dawa: Historia ya Mshubiri Ulio Mlangoni Pako

Leo tutazungumza juu ya mmea ambao pengine uko mlangoni pako hivi sasa, umepandwa ndani ya mkebe wa Kasuku au karai lililotoboka. Wako wanaouita mshubiri, wako wanaouita alovera. Wajaluo husema ogaka, Wakamba kiluma, Wakikuyu thukuroi, Wamaasai osuguroi, Wakalenjin tangaratwet, na Waturkana echuchuka. Katika plot moja tu ya Kibera au Kawangware unaweza kuyasikia majina hayo karibu yote, chumba hadi chumba.

Mmea wenye majina mengi ni mmea uliokaa na watu kwa muda mrefu. Kwa hivyo leo nitakueleza kwanza historia yake, kisha namna ya kuupanda na kuutunza nyumbani. Huenda ukajiuliza, muuguzi ana shughuli gani na historia? Nitakwambia.

Siku moja mama mmoja alimleta mumewe kituoni akiwa ameshikiliwa na majirani wawili. Mzee alikuwa amerudi kutoka mazishini Siaya wiki mbili zilizopita. Homa ilipomshika, mama alikata majani ya mshubiri wake, akayachemsha, akampa kikombe asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mzee aliharisha mpaka akaishiwa nguvu, na homa haikushuka. Tulimpima damu, tukakuta malaria. Alitundikiwa maji, akapewa dawa, akalazwa. Kwa bahati alipona. Lakini nilipokuwa nikimweleza mama kwa nini hali ilikuwa mbaya hivyo, alinitazama kwa mshangao wa kweli akasema, "Lakini sista, ilikuwa chungu sana."

Hakuwa mjinga mama huyo, wala hakuwa mvivu. Alikuwa akimuuguza mumewe kwa kanuni aliyofundishwa tangu utotoni, kwamba dawa ni uchungu, na kilicho kichungu zaidi ndicho dawa zaidi. Kanuni hiyo ina historia. Tukiijua historia hiyo tutajua pia mahali ambapo inatudanganya.

SHUBIRI NI NINI?

Watu wa pwani wana msemo, chungu kama shubiri. Shubiri, ambayo wengine huiita subili, si mmea. Shubiri ni utomvu wa mmea huo ukishakauka. Neno lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako shubiri huitwa sabir, na jamaa yake ni sabr, neno lililotupa subira. Wazee waliona mambo hayo mawili yanafanana: yote mawili ni machungu kuyameza.

Sasa chukua jani moja la alovera ulikate kwa kisu. Tazama vizuri. Utaona vitu viwili. Cha kwanza ni utomvu wa manjano unaotoka karibu na ganda. Huo ndio mchungu, na ukikauka ndio shubiri yenyewe. Cha pili ni ute mweupe unaopitisha mwanga, ulioko katikati ya jani, unaoteleza kama ute wa yai. Huo hauna uchungu mwingi.

Jani ni moja, vitu ni viwili. Utomvu una kazi yake na ute una kazi yake. Shika jambo hilo moja, hata ukisahau mengine yote niliyoandika hapa. Karibu kila madhara niliyoyaona kutokana na mmea huu yalianza pale mtu alipovichanganya vitu hivyo viwili.

BIASHARA YA TANGU KALE

Mashariki ya Pembe ya Afrika, katika Bahari ya Hindi, kuna kisiwa kiitwacho Socotra. Kwa karne nyingi kisiwa hicho kilisifika kwa shubiri. Kuna kitabu kidogo cha wafanyabiashara wa baharini, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kiitwacho Periplus. Kitabu hicho kinaitaja shubiri pamoja na ubani kati ya bidhaa zilizotoka katika bandari ya Kane, kusini mwa Arabuni. Kitabu hicho hicho kinazungumzia pwani yetu ya Afrika Mashariki na soko lake lililoitwa Rhapta. Kwa hiyo shubiri ilikuwa ikisafiri katika bahari hizi karibu miaka 2,000 iliyopita. Katika karne hiyo hiyo mganga wa Kigiriki, Dioscorides, aliandika kwamba shubiri husafisha tumbo, na kwamba ikisagwa hunyunyizwa juu ya vidonda.

Wafanyabiashara hao hawakununua ute, kwa sababu ute huharibika upesi. Walinunua utomvu. Majani yalikatwa, yakapangwa ili yachuruzike, na maji yake machungu yakakaushwa mpaka yakawa bonge gumu la rangi ya kahawia. Bonge hilo lingeweza kukaa miaka na kuvuka bahari bila kuoza. Katika karne ya 19 vitabu vya madawa vya Uingereza vilitaja hata "shubiri ya Zanzibar", iliyofika sokoni ikiwa imefungwa ndani ya ngozi za wanyama.

Na kazi yake ilikuwa nini? Ilikuwa kuharisha. Mwaka 1851 wakemia wa Edinburgh, T. na H. Smith, walifaulu kutoa ndani ya shubiri kitu kinachoitwa aloini. Siku hizi tunajua jinsi kinavyofanya kazi. Aloini hupita tumboni bila kufanya lolote, ikafika kwenye utumbo mpana. Huko vijidudu vya kawaida vya utumboni huibadilisha, nayo huanza kuukera utumbo. Utumbo hujikaza na kumwaga maji, na mtu huharisha. Pamoja na maji hayo hutoka chumvi za mwili, hasa potasiamu, ambayo moyo na misuli huihitaji.

Wazee wetu, na waganga wa Ulaya vile vile, waliamini kwamba ugonjwa ni uchafu uliokaa tumboni. Ukiutoa, umepona. Kwa imani hiyo shubiri ilikuwa dawa ya kila kitu, kwa sababu mtu aliiona ikifanya kazi kwa macho yake. Lakini vijidudu vya malaria havikai tumboni. Huingia kwenye ini, kisha kwenye chembe nyekundu za damu. Unaweza kuharisha usiku kucha, na asubuhi vijidudu vyote viko pale pale. Kilichopungua ni nguvu zako tu.

KWA NINI TULIAMINI UCHUNGU?

Imani ile iliongezwa nguvu na dawa za hospitali zenyewe. Kwinini, iliyotolewa katika gome la mti wa sinkona mwaka 1820, ni chungu. Klorokwini nayo ilikuwa chungu. Mimi nilikuwa mtoto miaka ya 1990, na bado naukumbuka ule uchungu wake kooni, na mama akinishika pua ili nimeze. Na kwa miaka mingi klorokwini ilitibu malaria kweli. Basi mzazi wa Kenya angekosaje kuamini kwamba uchungu ndio unaotibu? Mwarobaini ni mchungu, kwinini ni chungu, klorokwini ni chungu, shubiri ni chungu. Hesabu ilionekana imekamilika.

Lakini angalia yaliyofuata. Vijidudu vya malaria viliizoea klorokwini, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria. Uchungu wake ulibaki vile vile, lakini uwezo wake ulikuwa umekwisha. Ikaja dawa ya SP, nayo ikashindwa. Mwaka 2004 serikali iliamua kutumia mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, tunaoufupisha AL, na kuanzia mwaka 2006 ukaanza kufika katika vituo vya serikali. Mwaka 2009 vikatoka vidonge vya watoto vinavyoyeyuka kwenye maji. Je, unajua ladha yake? Ni tamu! Mtoto hunywa bila kushikwa pua, na malaria hutibika.

Usidhani ninawadharau wanaotumia mitishamba. Artemeta iliyo ndani ya AL imetokana na mmea, artemisia, ambao umelimwa hata hapa Kenya. Tu Youyou, mwanasayansi wa Uchina aliyeongoza kazi ya kuipata dawa iliyo ndani yake miaka ya 1970, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mmea unaweza kuwa dawa. Lakini walioutafiti waliuliza maswali matatu: ni kitu gani ndani yake kinachotibu, kinatibu ugonjwa upi, na kwa kiasi gani? Hawakuuliza ni mchungu kiasi gani.

HISTORIA YA UTE

Tumesikia habari za utomvu. Ute je?

Ute ulitumika zamani majumbani, lakini uliingia katika majarida ya madaktari mwaka 1935. Huko Marekani, madaktari wawili, Creston Collins na Carl Collins, waliandika juu ya ngozi iliyoungua kwa miali ya eksirei na kutibiwa kwa majani mabichi ya alovera. Tangu hapo biashara ya ute ikakua, na leo unaukuta katika losheni, sabuni na mafuta ya nywele hata katika vibanda vya Toi Market.

Utafiti umesema nini? Mwaka 2007 wataalamu walijumlisha tafiti 4 kuhusu watu walioungua, wakakuta waliopakwa alovera walipona karibu siku 9 mapema. Hata hivyo walionya kwamba tafiti zenyewe zilikuwa ndogo na zilitofautiana. Mwaka 2012 uchunguzi mwingine, wa vidonda vya aina mbalimbali, ulisema ushahidi mzuri bado hautoshi. Na mwaka 1991, kwa akina mama waliokuwa na vidonda vya upasuaji wa tumbo vilivyokawia kufunga, wale waliopakwa dawa ya ute wa alovera walichukua wastani wa siku 83 kupona, na wale waliotibiwa kwa njia ya kawaida siku 53. Kwa hiyo mama uliyejifungua kwa upasuaji, tafadhali usipake alovera kwenye mshono wako, hata kama jirani amekuapia.

Na utomvu je? Mwaka 2002 serikali ya Marekani iliamuru dawa za kuharisha zenye aloe ziondolewe katika orodha ya dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa watengenezaji hawakutoa ushahidi kwamba ni salama. Mwaka 2013 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaoshughulika na saratani waliiweka dawa inayokamuliwa kutoka jani zima la alovera katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu, baada ya kuona matokeo kwa panya. Sisemi kwamba aliyekunywa mara moja atapata saratani. Nasema kwamba kunywa jani zima kila asubuhi "kusafisha damu" si jambo la mchezo.

MISHUBIRI YETU YA KENYA

Sasa turudi nyumbani. Watu wengi hufikiri mshubiri ni mmoja. Sivyo. Alovera tunayoisikia katika matangazo asili yake ni Bara Arabu. Kenya ina mishubiri yake yenyewe, zaidi ya aina 50. Inayoonekana sana katika sehemu kavu ni Aloe secundiflora, ambayo wafugaji wa kuku wengi huitia katika maji ya kuku wao.

Katika Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana watu walikamua utomvu wa mishubiri ya mwituni na kuuza kwa wanunuzi waliousafirisha ng'ambo. Mishubiri ilikatwa ovyo hata ikaanza kupungua. Mwaka 1986 Rais Moi alitoa amri kwamba mishubiri ya mwituni ilindwe, na anayetaka kufanya biashara aipande shambani. Biashara ya magendo iliendelea hata hivyo, na mwaka 2007 zikatolewa kanuni za kusimamia biashara hiyo kwa leseni. Zaidi ya hayo, mishubiri ya mwituni iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao Kenya iliukubali mwaka 1978. Basi ukienda ushago using'oe mishubiri porini kuleta mjini. Nunua mche kwa wauzaji wa miche walioko kando ya Ngong Road, au omba chipukizi kwa jirani.

Kuna sababu nyingine ya kutong'oa porini, nayo inahusu uhai wako. Katika sehemu za Taita kuna mshubiri uitwao Aloe ballyi, na kaskazini kuna Aloe ruspoliana. Hii miwili ina sumu kali. Ile ya kaskazini imetumika kuua fisi. Mtu anayesema "aloe ni aloe" akachemsha yoyote aliyoiona, anacheza na kifo. Usisahau pia kwamba kuna mimea mingine inayofanana na mshubiri kwa mbali, kama vile mikonge na mimea ya jamii ya mnyaa yenye maziwa meupe. Maziwa hayo yakiingia jichoni yanaweza kuumiza vibaya.

MSHUBIRI MDOGO WA MKEBENI

Katika hiyo mishubiri yetu kuna mmoja mdogo ninaoupenda sana, uitwao Aloe juvenna. Historia yake inachekesha kidogo. Kwa miaka mingi ulipandwa na wapenzi wa mimea huko ng'ambo, na hakuna aliyejua kwao ni wapi. Wengine walidhani ni chotara aliyezaliwa bustanini. Mwaka 1979 wataalamu Peter Brandham na Susan Carter waliupa jina rasmi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulipatikana ukiota wenyewe kusini magharibi mwa Kenya, karibu na mpaka wa Tanzania. Kumbe mgeni waliyemweka dirishani miaka yote hiyo alikuwa Mkenya!

Utautambua hivi. Ni mfupi, majani yake ni mafupi ya pembe tatu, yamepangana juu ya shina kama ngazi, yana madoa meupe na meno laini pembeni. Unafaa sana kwa chumba cha futi kumi kwa kumi, maana hauombi nafasi. Lakini elewa kwamba huu ni wa kupendeza macho. Majani yake ni madogo, hayana ute wa maana, na si wa kunywa wala wa kutibia. Ukitaka ute wa kupaka, panda alovera yenyewe, yenye majani marefu na manene. Utunzaji wa yote miwili ni mmoja.

Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, maana yake msitu. Leo msitu hakuna, na udongo wenyewe ni wa kutafuta. Lakini tulishaonyesha kwamba tunaweza kulima pasipo shamba. Baada ya machafuko ya uchaguzi, mwaka 2008, familia nyingi za Kibera zilijifunza kupanda sukumawiki kwenye magunia. Aliyeweza gunia hashindwi na mkebe. Fanya hivi.

Kwanza, toboa mkebe matundu manne au matano chini. Mshubiri hauuawi na kiu, huuawa na maji yaliyotuama kwenye mizizi.

Pili, changanya udongo kiasi kimoja na mchanga wa ujenzi kiasi kimoja, na weka kokoto chini. Usichukue udongo wa kando ya mtaro wa maji machafu, kwa sababu una mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara. Nawa mikono kwa sabuni ukimaliza.

Tatu, chukua chipukizi lililoota kando ya mmea mkubwa. Likate, liache kivulini siku tatu ili kidonda chake kikauke, ndipo upande. Usimwagilie kwa wiki moja ya kwanza.

Nne, maji. Chomeka kidole kwenye udongo. Kama ndani pamekauka, mwagilia. Kama pana unyevu, acha. Katika baridi ya Juni hadi Agosti, maji mara moja kwa wiki mbili au tatu yatosha. Wakati wa mvua ondoa mkebe chini ya tone la mabati.

Tano, jua. Weka mahali penye mwanga wa kutosha. Ukitoka ndani ya nyumba usiupeleke kwenye jua kali kwa ghafula, uzoeshe kidogo kidogo. Aloe juvenna ikipata jua jingi hugeuka rangi ya kahawia nyekundu. Hiyo si ugonjwa.

Sita, ukiona wadudu weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na kama umeweka kisahani chini ya mkebe, kimwage kila siku. Maji yaliyotuama huzaa mbu.

WAKATI WA KUTUMIA, NA WAKATI WA KUACHA

Mtoto akimwagikiwa uji au akiungua kwa jiko, usikimbilie mkebe. Kimbilia maji. Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha ukimwaga polepole kwa kikombe. Usipake dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia wala yai. Funika kwa kitambaa safi. Kama mtoto ni mdogo, kama ameungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au kama palipoungua ni pakubwa kuliko kiganja chake, mpeleke kituo cha afya mara moja.

Kama ni kuungua kidogo tu, ngozi imekuwa nyekundu na haikuchubuka, baada ya maji unaweza kupaka ute. Kata jani la alovera, lisimamishe kwa robo saa, mkato ukielekea chini, mpaka utomvu wa manjano uchuruzike wote. Lioshe, menya ganda, osha tena ule ute, kisha pakaa. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, maana wengine huwashwa. Kinachobaki kitupe, usikiweke mpaka kesho.

Usimpe mtoto mdogo utomvu wala jani zima kwa mdomo. Mama mjamzito, usinywe kabisa. Utomvu huu hukaza utumbo na waweza kuhatarisha mimba. Wewe unayetumia ARV, dawa za sukari, presha au moyo, usiache dawa zako kwa ajili ya mshubiri, na usichanganye bila kumwuliza mhudumu wa afya.

Na wewe mama unayepaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa, najua bibi zetu walifanya hivyo. Lakini mtoto huimeza, na anaweza kuharisha wakati ule ule anapolikosa ziwa. Mwachishe taratibu, punguza mara moja baada ya nyingine, na kama inawezekana mnyonyeshe mpaka afikishe miaka miwili au zaidi.

Mwisho, homa. Hapa Nairobi malaria si nyingi, lakini sisi ni watu wa kusafiri. Ukirudi kutoka Nyanza, Magharibi au Pwani na ukapata homa, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu kwamba ulisafiri. Kipimo cha haraka ni tone moja la damu la kwenye kidole, na majibu hutoka baada ya dakika chache. Ukikutwa na malaria, maliza dawa zote hata ukijisikia nafuu.

Yule mama niliyekueleza alirudi kituoni wiki chache baadaye kumleta mtoto wake kwa chanjo. Nilimwuliza habari za mumewe, akasema amerudi kazini. Kisha akatoa kwenye mfuko chipukizi la mshubiri lililofungwa kwa gazeti, akanipa. "Chukua sista," akasema, "huu si wa kuchemsha." Uko dirishani pangu mpaka leo, na umeshazaa machipukizi saba. Kila anayeomba chipukizi nampa, lakini kwanza huwa namkatia jani moja nimwonyeshe kwa macho yake: huu hapa utomvu, na huu hapa ute.

Basi mpenzi msomaji, na wewe likate jani la kwako leo, uwaonyeshe watoto wako. Mpaka mazungumzo yetu yajayo, kaa salama, na afya njema.